Karani anapouliza kabila lako

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kwenye ofisi moja hapa Tanga kufuatilia mirathi ya marehemu kaka yake. Karani alikuwa kijana mpole, anamwita shangazi "bibi", anajaza fomu bila shida, mpaka kalamu yake ilipofika kwenye neno kabila. Shangazi akamjibu kama anavyojibu siku zote: "Baba yangu Mshihiri, mama yangu Mzigua wa Mkwaja, na mimi nimelelewa na Wadigo hapa hapa Ngamiani." Karani akainua kichwa. "Bibi, hapa panaingia moja tu."

Shangazi alinyamaza. Karani akaandika "Mwarabu", maana Washihiri ni Waarabu wa Yemen, akamtazama usoni, akakata kwa mstari, akaandika "Mzigua" juu yake. Fomu ikaendelea.

Sikumlaumu yule kijana, maana nafasi kwenye karatasi ilikuwa ndogo kweli. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ile nafasi ilitoka wapi, nani aliamua kwamba panaingia jibu moja, na lile jibu huwa linakwenda kufanya kazi gani baada ya sisi kuondoka dirishani. Nimesoma, nimeuliza wazee, na ninachokiona ni kwamba neno linaloandikwa pale halisemi sana mtu ni nani. Linasema mtu huyo atapewa nini, atatozwa nini, na atanyimwa nini. Ukitaka kujua serikali yoyote ilimaanisha nini ilipoandika Mwarabu, Mhindi, mwenyeji au Mzungu, tafuta kilichofungwa kwenye neno hilo: kiboko, kodi, mchele, shule, kura, au uhai wenyewe.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumweka mtu mahali pake. Tuna ukoo, mlango, kabila, taifa, asili, jamaa. Kila moja lina swali lake. Ukiulizwa ukoo unataja mlango wako, ukiulizwa asili unataja babu yako alikotoka, na ukiulizwa u mtu wa wapi unaweza kutaja mtaa. Lakini dhana ambayo dola za Ulaya zilikuja nayo, kwamba wanadamu wote wa dunia wamegawanyika katika mafungu machache yanayojulikana kwa rangi na damu, haikuwa na neno moja kwetu. Ndiyo maana mpaka leo tunaitafsiri mara rangi, mara asili, mara mbari, na kwenye fomu nyingi tunaichanganya na kabila.

Nisije nikadanganya kwamba pwani hii ilikuwa ya watu sawa kabla ya meli za Wajerumani. Hapakuwa na usawa. Mtu wa Pangani au Bagamoyo ya karne ya 19 alihesabiwa muungwana, au mtumwa, au mshenzi, na neno hilo la tatu lilitupwa kwa kila mtu wa bara bila aibu. Misafara ilishuka Bagamoyo na pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Vizazi vya watumwa walioachwa huru walijiita kwa jina la ukoo wa mabwana zao, wengine wakajiita Waswahili, na watoto wao wakahama jina tena walipopata nafasi. Tofauti ni kwamba daraja lile, kwa ubaya wake wote, lilikuwa na milango. Mtu aliingia kwa ndoa, kwa dini, kwa biashara, kwa kuhama mji. Hapakuwa na faili.

Waliokuja na faili ni Wajerumani, na jina la kwanza walilolitumia vibaya lilihusu mkoa wetu. Mwaka 1888 watu wa Pangani waliikataa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kupandisha bendera yake na kushika ushuru wa forodha. Aliyejulikana zaidi ni Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa Pangani. Lakini pamoja naye walisimama watu wa kila namna: Bwana Heri wa Saadani na Wazigua wake, majumbe wa mijini, watu wa bara waliokuwa wamekuja na misafara, vijana wa pwani wasio na mali yoyote ya kulinda. Berlin yote hayo yakaitwa "uasi wa Waarabu". Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Uasi wa Waarabu ulimaanisha vita dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa, na vita ya namna hiyo bunge la Ujerumani lingeilipia. Januari 1889 likapitisha marki milioni 2, Hermann Wissmann akaletwa na askari, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa pale pale Pangani. Mji mzima uliingizwa kwenye kisanduku kimoja, na kisanduku kikafungua hazina.

Kisha ikaja sheria. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 ilipanga namna ya kuwahukumu "wenyeji" wa makoloni. Viboko viliruhusiwa, hadi 25 kwa mara moja, na ndiyo maana bibi zetu walikuwa na msemo wa "hamsa ishirini" hata kwa mtoto mtundu. Katika amri hiyo Waarabu na Wahindi walihesabiwa pamoja na wenyeji mbele ya mahakama, lakini ikakatazwa kuwachapa. Ifikirie hiyo kwa macho ya mtu wa Tanga wa wakati ule. Ndugu wawili wa baba mmoja, mama mbalimbali, wamefanya kosa moja. Mmoja akiweza kumridhisha bwana shauri, yaani mtawala wa wilaya, kwamba yeye ni Mwarabu, anatozwa faini au anafungwa. Mwingine analazwa chini. Watu wakitafuta nasaba ya Uarabuni miaka ile, tusiharakishe kuwacheka kwamba walijidharau. Wengine walikuwa wanaokoa migongo yao.

Na uone jinsi mipaka yenyewe ilivyokuwa ya kukunja. Mwaka 1900 sheria ya Ujerumani ilisema wazi kwamba Mjapani hahesabiwi pamoja na wenyeji, ingawa yeye hakuwa Mzungu. Miaka sitini baadaye makaburu wa Afrika Kusini wakafanya vilevile, Wajapani wakapewa heshima ya "Wazungu" kwa sababu ya biashara ya chuma na mitambo. Damu ya Mjapani haikubadilika. Kilichobadilika ni nguvu ya nchi yake mezani.

Waingereza, kodi na kura tatu

Waingereza walipochukua Tanganyika walirithi mgawanyo wa wenyeji na wasio wenyeji, wakauchonga zaidi. Gavana Donald Cameron alifika 1925, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji: kila Mwafrika awe na kabila lake, kila kabila mkuu wake, kila mkuu baraza na sanduku la kodi. Ilidhaniwa makabila yapo tu, yamepangwa kama vitabu kwenye rafu, kazi ya bwana shauri ni kusoma majina.

Hapa kwetu majina mengi yalikuwa ya mahali. Wabondei ni watu wa bondeni. Washambaa ni watu wa Shambaai, huko milimani. Lugha zao zinasikilizana, ndoa zao zimeingiliana, na Mzigua akikaa nao anaelewa mengi. Mtu aliyeteremka Usambara akalima Muheza, watoto wake wakawa wa bonde, hakuhitaji kibali cha mtu. Mara kodi na mahakama zilipofungwa kwenye jina la kabila, jina likawa kitu cha kugombea na kulinda. Sisemi makabila ni uongo. Nasema yalikuwa maji, yakamwagwa kwenye chupa, kisha tukaambiwa chupa ndiyo umbo lake.

Kwenye mashamba ya mkonge hali ilikuwa ngumu zaidi. Wafanyakazi walisombwa kutoka mbali, kusini na magharibi ya nchi, wakaitwa manamba, watu wa namba. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilihesabu siku 30 za kazi, na mtu alijulikana kwa nambari ya kipande na kwa kabila lake, maana wakubwa wa mashamba waliamini kabila fulani ni la kukata, fulani ni la kufyeka, fulani ni la wavivu. Imani hiyo iliamua mshahara na kambi ya kulala. Wajukuu wa manamba hao wako Tanga hadi leo, ni watu wa Tanga kama mimi, na bado utasikia mtu mzima anamwambia mwenzake "hao si wa hapa" kwa sababu ya neno aliloliandika karani wa shamba miaka themanini iliyopita. Linaniuma kila nikilisikia.

Mjini nako ramani ilifuata visanduku. Raskazone na upepo wake wa bahari ilikuwa ya Wazungu, katikati kwenye maduka walikaa Wahindi, na Waafrika tukawa Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba. Shule zilikuwa tatu kwa mpango wa serikali: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Anayetaka kuelewa kwa nini rangi na elimu viliandamana Tanganyika asitafute ubongoni mwa watu. Atazame bajeti ya shule.

Jambo lililofikia kilele ni la kura. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa upya, wajumbe wasio wa serikali wakawa 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Iliitwa usawa. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu, na Wazungu kama 20,000 tu. Usawa wa visanduku ukawa ndio ukosefu wa usawa wa watu. Uchaguzi ulipokuja, mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa achague wagombea watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake inaharibika. Na ili uandikishwe ulihitaji kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Masharti hayo hayakutaja rangi, lakini yalijua yanamwacha nani nje.

TANU iligawanyika juu ya kura tatu. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikuwa wa moto, wengi wakitaka kususia. Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba wakisusia wanawaachia wapinzani baraza zima. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake cha Waafrika peke yao. TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na madai yake, watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, na visanduku vitatu vilivyowekwa ili kuigawa nchi vikajaa wabunge wa msimamo mmoja. Mimi naona hii ni kati ya hatua za akili kubwa kabisa katika siasa zetu, na haifundishwi inavyostahili.

Ng'ambo ya mkondo, Unguja, kisanduku kilifungwa kwenye sahani ya chakula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao ulikwenda kwa rangi: mchele ulielekezwa kwa Waarabu na Wahindi, Waafrika wakapewa nafaka nyingine kama mahindi, kana kwamba tumbo la Mwafrika halijui wali. Kila familia iliyokuwa na bibi wa huku na babu wa kule ilibidi iamue ijiite nani dirishani pa mgao. Hata kabla ya hapo, kwenye sensa za Unguja, waliojiandika Waswahili walipungua ghafla kati ya miaka ya 1920 na 1930, si kwa maradhi wala kwa kuhama, bali kwa kujiandika jina jingine, Washirazi wengi wao. Majina hayo hayo, yaliyokuwa yakibadilishwa kwa ajili ya mchele na kodi, Januari 1964 yaligeuka kuwa sababu ya kuuawa. Watu waliuawa kwa kuhesabiwa Waarabu, na wengine kati yao walikuwa na mama Mwafrika na lugha moja na waliowaua.

Wazanzibari wa Durban

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu wa pwani hii angepaswa kukijua. Kuanzia 1873 meli za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa ziliwapeleka mamia ya watu waliookolewa mpaka bandari ya Durban, Afrika Kusini, wakafanye kazi za mkataba. Wengi walikuwa Wamakua, asili yao kaskazini ya Msumbiji, Waislamu, na kwa kuwa walipitia Zanzibar wakaitwa Wazanzibari. Wakakaa kwenye ardhi ya wakfu karibu na bahari, wakazikana hapo, wakaendelea na Kimakua chao.

Mwaka 1950 serikali ya makaburu ikatunga sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi. Ukiisoma sheria hiyo utashangaa. Mzungu alielezwa kuwa ni mtu anayeonekana wazi kuwa Mzungu, au anayekubaliwa na watu kuwa ni Mzungu. Yaani Mzungu ni Mzungu. Kwa maneno hayo matupu watu walipangiwa mtaa wa kuishi, shule, kazi, mke wa kuoa na makaburi. Palipokuwa na shaka bodi ilikaa, ikatazama pua na kucha, ikachomeka kalamu kwenye nywele kuona kama itaanguka. Familia moja ya Wazungu ilimpoteza binti yao shuleni kwa sababu ngozi na nywele zake hazikulingana na za wazazi wake, akaandikwa chotara, kisha akarudishwa Uzunguni kwa karatasi nyingine.

Wazanzibari wa Durban hawakuenea popote. Kwanza waliwekwa na Wabantu, wakapinga, maana wangepelekwa kwenye mitaa isiyo na jamaa wala msikiti wao. Wakahesabiwa machotara. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ikawaandika "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Wamakua, watu weusi wa Msumbiji, wakawa Waasia kwa muhuri. Kwao lilikuwa afadhali, maana liliwaacha pamoja na karibu na Waislamu wenzao. Lakini waliondolewa kwenye ardhi yao na makaburi yao hata hivyo. Sheria ile ilifutwa 1991.

Marekani na safari ya mjukuu

Shangazi ana wajukuu wawili Marekani, ndipo nami nikaanza kufuatilia mambo ya huko. Serikali ya Marekani imehesabu watu kwa rangi tangu sensa yake ya kwanza, 1790, ilipotenganisha Wazungu huru, watu wengine huru, na watumwa. Mwaka huo huo sheria ikasema mgeni anayeweza kupewa uraia ni Mzungu huru tu. Kwa hiyo swali la nani Mzungu likawa swali la nani raia, na watu wakalipeleka mahakamani.

Novemba 1922 Takao Ozawa, Mjapani aliyekaa nchini humo miaka mingi, aliambiwa na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani kwamba ngozi nyeupe haitoshi. Mzungu, ikasema, ni mtu wa jamii ambayo wataalamu waliiita ya Kaukasi. Miezi mitatu baadaye akaja Bhagat Singh Thind, Kalasinga wa Punjab, aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani. Yeye akasema: wataalamu hao hao wanatuweka Wahindi wa kaskazini katika Kaukasi, basi mimi ni Mzungu. Mahakama ile ile ikageuka. Ikasema wataalamu si hoja, kinachotazamwa ni mtu wa kawaida anaelewa nini kwa neno Mzungu. Kwa Ozawa sayansi ndiyo iliyofunga mlango, kwa Thind mazoea ya mtaani ndiyo yaliyoufunga. Wahindi waliokwisha pata uraia wakaanza kunyang'anywa. Ubaguzi wa rangi katika kupewa uraia haukuondolewa kabisa mpaka 1952.

Sensa yao nayo imebadilisha visanduku karibu kila miaka kumi. Mwaka 1930 kulikuwa na kisanduku cha Wameksiko kama rangi, 1940 kikatoweka. Mtu mwenye tone la damu ya Kiafrika aliandikwa Mweusi, na aliyeandika alikuwa karani kwa kutazama uso, mpaka miaka ya 1960 na 1970 wananchi walipoanza kujijazia wenyewe. Kutia alama kwenye kisanduku zaidi ya kimoja kuliruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 2000. Na hadi Machi 2024 watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini walihesabiwa pamoja na Wazungu. Ndipo ikaamuliwa wapewe kisanduku chao.

Mjukuu wa shangazi aliponisimulia hayo nilimchora mtu wa Pangani mwenye baba Mshihiri na mama Mzigua, nikamsafirisha. Kwa Mjerumani ni mwenyeji asiyechapwa. Kwa Mwingereza, Mwarabu au mwenyeji, kutegemea anaishi vipi na nani anamsemea. Unguja wa vita, mchele au mahindi. Kwa kaburu, chotara. Kwa Mmarekani wa 1990, nusu ya baba yake ni Mzungu na nusu ya mama yake ni Mweusi, na kwa kuwa panaingia alama moja tu, kwa desturi ile ya tone la damu ni Mweusi. Hajabadilisha hata kanzu.

Damu inasema nini

Watu huuliza, lakini si tofauti zipo mwilini? Zipo. Ngozi zinatofautiana, nywele zinatofautiana. Ila mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alipima na kukuta karibu asilimia 85 ya tofauti za kurithi za wanadamu ziko ndani ya jamii moja moja, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha yale mafungu makubwa yanayoitwa rangi. Majirani wawili wa Chumbageni wanaweza kutofautiana katika mengi kuliko ngozi zao zinavyoonyesha.

Mfano mzuri uko kwenye hospitali zetu. Ugonjwa wa selimundu wengi huuona wa Waafrika. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye chembe moja tu ya kurithi ya selimundu anakingwa na malaria kali. Kwa hiyo chembe hiyo inafuata mbu, haifuati rangi. Iko kwa watu wa nyanda za chini zenye malaria, iko India, iko Uarabuni, na iko Ugiriki pia katika sehemu zilizokuwa na malaria. Wagiriki waliokuja Tanga kulima mkonge waliandikwa Wazungu, na wafanyakazi wao wakaandikwa wenyeji, lakini yawezekana mwenye shamba na mkata mkonge walikuwa na chembe moja ile ile mwilini, waliyoachiwa na mbu wa mababu.

Kinyume chake, daktari akikiamini kisanduku kupita kiasi, mgonjwa anaumia. Marekani walikuwa na kanuni ya kukadiria nguvu ya figo iliyompa mtu Mweusi alama za juu kwa kuwa tu ni Mweusi. Figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo, na wengine wakachelewa kuingia kwenye orodha ya kupandikizwa. Kanuni hiyo ilibadilishwa 2021.

Na kuhusu sisi wenyewe: mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya kusoma vinasaba vya mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Mtwapa ikiwemo. Ilionekana kwa wengi wao kwamba upande wa mama ni Afrika kwa sehemu kubwa, na upande wa baba kuna wageni wa Uajemi walioanza kuchanganyika na wenyeji kama miaka elfu iliyopita, kisha baadaye watu wa Uarabuni. Soma tena jibu la shangazi kwa karani: baba huku, mama huku, malezi hapa. Ndilo jibu la pwani hii tangu enzi za msikiti wa kale wa Tongoni na zaidi.

Kuhesabu au kutohesabu

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge wetu walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika kwanza. Nyerere alikasirika waziwazi, akasema kuwabagua watu kwa rangi ndicho kitu walichokuwa wakipigana nacho, akawafananisha wanaotaka hivyo na akina Hitler na Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu. Sheria ikapita bila rangi. Mwaka 1962 shule zikaunganishwa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini. Agosti 2022 tulipohesabiwa tukawa watu 61,741,120, na mkoa wa Tanga 2,615,597, na hakuna anayeweza kusema kwa takwimu za serikali wangapi ni Washambaa au Wadigo.

Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Anayetaka kujua kwa nini, atazame Rwanda. Wabelgiji waliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya kila mtu katika miaka ya 1930, neno likabaki kwenye kadi baada ya uhuru, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kadi ndiyo iliyoombwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu kwa muda wa siku moja hivi.

Lakini kutouliza si dawa ya kila kitu, na hapa natofautiana na wenzangu wanaosema tukinyamaza yataisha. Sheria isiyotaja rangi inaweza kuangukia rangi moja. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Haikutaja Wahindi mahali popote. Lakini wenye majengo hayo mijini walikuwa Wahindi wengi, kwa sababu ya visanduku vya Mwingereza vilivyoamua nani akae na duka na nani akae na jembe. Ufaransa nako hawaruhusu kwa kawaida kukusanya takwimu za rangi, na watafiti wakitaka kujua kama wenye majina ya Kiarabu wananyimwa kazi, inabidi watume barua za maombi zinazofanana zenye majina tofauti wahesabu majibu.

Wengine wamechagua kuuliza, ila kwa kusudi jingine. Brazili inamwachia mtu achague kati ya mafungu matano, na tangu 2012 vyuo vya serikali kuu vinatenga nafasi kwa wanafunzi wa shule za umma, zikiwemo za weusi na machotara; mara watu wakaanza kujiandika weusi ili wapate nafasi, na kamati za kuwatazama usoni zikarudi. Afrika Kusini imehifadhi majina yale yale ya makaburu ili irekebishe dhuluma yao, na mwaka 2008 mahakama ya Pretoria ilibidi iamue kwamba Wachina wa nchi hiyo waingie kwenye kundi la weusi katika sheria za kufidia, kwa kuwa nao walibaguliwa. Hata sisi, kwenye sensa ya 2012, tuliuliza kuhusu ualbino, kwa sababu watu walikuwa wakiuawa na serikali ilihitaji kujua wako wangapi na wapi. Swali hilo sikuliona baya. Lilikuwa na ulinzi nyuma yake, na aliyeulizwa alijua linakwenda kufanya nini.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia kwamba fomu za siku hizi zinauliza kabila kwa mazoea tu, hazina nia. Huenda. Lakini mazoea nayo huweka kumbukumbu, na kumbukumbu humsubiri mtu mwenye nia.

Mwezi uliopita tulirudi ile ofisi. Yule kijana amehamishwa, dirishani yuko binti mwingine, naye akafungua fomu mpya. Jina, umri, mtaa, kisha akauliza, "Kabila, bibi?" Nikamtazama shangazi, nikingoja Mshihiri, Mzigua, Wadigo. Akaegemea dirishani, akasema kwa sauti ya chini: "Tazama kwanza mwenzio aliandika nini, mwanangu, uandike hilo hilo. Faili lisije likanikataa."